Friji Nambari Kumi na Nne Haijaharibika

Ijulikane kwa wananchi wote wa Bungoma na Trans-Nzoia, pamoja na kuku wao, kwamba tangu Mamlaka ya Ubaridi Majumbani ianzishwe, hakuna friji yake hata moja iliyowahi kuharibika. Friji themanini, kaunti mbili, miaka minne, uharibifu sufuri. Siri yake si ya ajabu. Kifungu cha Saba cha kanuni za Mamlaka kinasema friji haihesabiwi kuwa imeharibika mpaka Kamati ya Uharibifu ikutane na kukubali kwamba imeharibika, na Kamati ya Uharibifu haijateuliwa. Kwa hiyo friji ya Mamlaka inaweza kunyamaza, ikavuja, ikaota ukungu mpaka mlangoni, lakini kuharibika haiwezi, kwa sababu sheria haijairuhusu.

Aliyekitunga kifungu hicho ni Bwana Zachary Wabwile, na ungempa nafasi angekusomea chote, na vijifungu vyake. Ofisi yake ilikuwa ghorofa ya pili mjini Bungoma, dirisha likitazama reli, na mlangoni paliandikwa Kaimu Mkurugenzi. Miaka minne alikuwa kaimu. Alikuwa amekaimu mpaka mke wake akaacha kuwaambia watu wa kanisani kwamba ni ya muda. Lakini mwaka huu mambo yalikuwa yamejipa. Mwenyekiti wa Bodi, Mzee Gathii wa Kitale, alikuwa ametoa neno lake: Jumatano, tarehe kumi Juni, atakuja Myanga na wageni kutoka Nairobi na waandishi wa habari, wazindue Ripoti ya Uharibifu Sufuri, na papo hapo amthibitishe Zachary kazini. Kilichobaki ni kufika tarehe kumi bila friji yoyote kutia doa.

Kwa nini Myanga? Kwa sababu Friji Nambari Kumi na Nne ilikuwa Myanga, jikoni kwa Mama Rosaline Nakhumicha, na ndiyo friji iliyokuwa ikipigwa picha kila mwaka. Mpango wa Mamlaka ni huu: friji inawekwa nyumbani kwa mtu mmoja, atie humo maziwa yake na mboga zake, alipe umeme yeye, na kwa hisani hiyo awatunzie majirani chanjo ya kuku. Rosaline alikuwa mjane mwenye kuku sitini na watatu, na nyumba arobaini zilimtegemea. Chanjo yenyewe ni ya kideri, ule ugonjwa unaompinda kuku shingo asubuhi, na jioni banda zima limelala chini. Ulipopita Myanga mara ya mwisho, watoto walikaa nyumbani muhula mzima, maana kuku ndio karo. Rosaline mwenyewe alizika arobaini na wanane kwa siku mbili. Hakutaka kuuona tena ugonjwa huo maishani mwake.

Sasa Jumatatu ya tarehe kumi na nane Mei, feni ya friji ikafa.

Ni kitu kidogo tu, kinajaa kiganja. Kinakaa nyuma ya ukuta wa plastiki ndani ya friza, na kazi yake ni kusukuma baridi ya juu iteremke chini. Ilipokufa, huko juu barafu ikaota ndevu, na huku chini maziwa yakachacha kufikia Jumanne. Chanjo hukaa chini, kwa sababu haitaki joto na haitaki kuganda. Rosaline hakuhitaji mtaalamu wa kumweleza. Mlio uliokuwepo haupo, na kuizungusha feni kwa kidole kuijaribu haiwezekani, maana haifikiki. Ule ukuta wa plastiki ulikuwa umebandikwa muhuri mwekundu wa Mamlaka, na chini yake maandishi: atakayebandua atanyang'anywa friji siku hiyo hiyo, ipelekwe wadi nyingine.

Akaandika barua, mistari minne. Feni imekufa. Naomba ruhusa ya kuondoa muhuri na kubadilisha feni. Chanjo itatolewa Jumamosi tarehe sita Juni. Kuku ni mia sita na kumi na mmoja. Hakuomba pesa, hakuomba fundi. Aliomba sahihi na stempu. Aliiandika mara mbili, nakala moja akabaki nayo.

Barua ilipofika mezani kwa Zachary, neno "imekufa" lilimkosesha raha. Alijibu kwa ukurasa mzima kwamba Mamlaka haina kumbukumbu ya feni yoyote kufariki, ingawa inatambua kuwa baadhi ya feni huwa kwenye mapumziko ya kiutendaji, na kwamba mtunzaji aendelee kuwa mtulivu ili asiishtue mitambo. Halafu, kwa kuwa hakuwa mtu wa kukaa ofisini wananchi wakiteseka, Jumatatu iliyofuata akaingia gari la Mamlaka na dereva wake, Kipkemboi, wakashika njia ya Myanga.

Rosaline aliwapokea kwa mulembe, salamu ya kwao, na chai ya strungi. Maziwa, akasema, yaulizwe kwa friji. Zachary akavua koti, akafungua friza, akatia mkono. Ukatoka mweupe. Akafungua mlango wa chini, akatia mkono ule ule, ukapata nafuu. Akaandika yote mawili.

"Baridi ipo, mama," akasema. "Ipo ya kutosha. Tatizo lako ni kwamba haijagatuliwa."

"Sasa kuku zangu nitaziambia nini, bwana Wabwile? Zingoje ugatuzi?"

Zachary akamweleza kwa upole kwamba mambo makubwa huanzia juu, na kwamba kule juu kukiwa kumejaa, chini kutafikiwa kwa awamu. Rosaline hakubishana. Alimwonyesha chupa ya chai kwenye kona, ile kubwa ya maua mekundu. Kila baada ya saa tatu, mchana na usiku, alikuwa akikwangua barafu ya juu, anaitia ndani ya chupa, na juu ya barafu anaweka kitambaa kilichokunjwa mara nne, na juu ya kitambaa vichupa vya chanjo, na katikati yake kipimajoto kilichokuja na friji. Kilisoma nyuzi tano. Siku saba alikuwa hajalala usingizi wa kueleweka, na macho yake yalionyesha.

Zachary aliguswa. Akaandika kwenye ripoti: mtunzaji amebuni mfumo wa kushusha baridi kwa mkono, unaofaa kuigwa na watunzaji wengine sabini na tisa. Kwa hesabu zake, friji ilikuwa na feni. Feni hiyo ilikuwa na jina, ilikuwa na miaka hamsini na minne, na ilikuwa imejifunga leso. Akamwomba Rosaline nambari ya kitambulisho ili amwandikishe kwenye rejista ya vipuri.

"Mimi nimechoka, bana," Rosaline akasema. "Weka sahihi hapa, nitafute fundi."

Hapo ndipo Zachary alipomfafanulia ugumu wa uongozi. Akiweka sahihi kwenye barua inayosema feni imekufa, atakuwa amekubali kuna feni iliyokufa. Akikubali hilo, kuna friji iliyoharibika. Friji ikiharibika kabla ya kamati kuteuliwa, atakuwa amevunja Kifungu cha Saba, na aliyekiandika ni yeye. Je, Mama Rosaline angependa Kaimu Mkurugenzi avunje sheria? Rosaline akasema angependa sana. Zachary akacheka, akanywa chai yake ikaisha, na akaahidi jambo moja la nguvu: atafanya utafiti wa soko.

Utafiti ulifanyika Alhamisi, Kitale, kwa sababu kila mtu aliyeulizwa kuhusu feni ya friji alitaja duka la Uday. Ni duka jembamba, refu, limejaa mota na mipira ya milango ya friji mpaka darini. Uday alikuwa nyuma na bisibisi. Mbele, kwenye kaunta, alikaa mama yake, Bhagwanti, aliyezaliwa mjini hapo hapo na kuuza vipuri tangu enzi za mume wake, na aliyewajua watu wa ofisi kwa jinsi wanavyoshika faili.

Uday akaitazama picha ya friji kwenye simu ya Zachary, akanyoosha mkono kwenye rafu bila kuangalia, akaweka feni kaunta. Hii hapa. Zachary hakuigusa. Alieleza kwamba kwanza anahitaji bei tatu kutoka kwa wauzaji watatu wasiojuana. Uday akamwambia kutoka hapo hadi Bungoma hakuna mwingine anayeuza feni hiyo. Zachary akafikiri, kisha akapata njia: Uday aandike bei ya kwanza, mama yake aandike ya pili, na ya tatu iandikwe na Uday tena lakini kwa mkono wa kushoto.

Bhagwanti akavua miwani. "Mwanangu, wewe unataka feni ama unataka karatasi?"

Zachary akasema anataka utaratibu. Bhagwanti akavaa miwani yake, akaandika bei yake, akaongeza shilingi kumi juu ya ile ya mwanawe ili mambo yafanane na ukweli.

Kwa kuwa hakukuwa na mteja mwingine, Uday akamfundisha. Unatoa plagi. Unaacha barafu iyeyuke, usiikwaruze na kisu. Unafungua skrubu nne, unavuta ule ukuta, unachomoa waya wa feni ya zamani, unachomeka mpya, unaangalia mshale uelekee upande upepo unakotakiwa kwenda, unarudisha. Ukishatoa barafu, kazi yenyewe ni dakika ishirini, na kumi kati ya hizo ni kutafuta skrubu iliyoanguka. Zachary aliandika kila neno, akauliza maswali ya msingi. Feni ina barua ya pendekezo kutoka kwa friji iliyotangulia? Inaweza kuanza kama kaimu feni, miezi sita, kisha utendaji wake utathminiwe? Uday alimtazama mama yake. Mama yake alitazama barabara.

Kipkemboi, dereva, alikuwa ameegemea kaunta muda wote huo. Ni yeye peke yake aliyeuliza tena kuhusu mshale. Zachary alifurahi kuona mtumishi wa ngazi ya chini akijali sekta. Waliondoka na bei tatu ndani ya faili na bila feni, lakini walipofika kwenye gari Kipkemboi akakumbuka amesahau kofia dukani. Akarudi, akakawia kidogo. Zachary alitumia nafasi hiyo kuandika waraka wa kuzitaka friji zote themanini zidumishe nidhamu kuelekea tarehe kumi. Kipkemboi aliporudi alikuwa na kofia, na mfuko wa jaketi lake umetuna, na dereva mwenye mfuko uliotuna si jambo la Kaimu Mkurugenzi kulifuatilia.

Alhamisi tarehe nne Juni, siku mbili kabla ya chanjo, Zachary alirudi Myanga kukagua. Alipofika mlangoni mwa jikoni alisikia mvumo. Akafungua mlango wa chini wa friji, baridi ikampiga magotini. Kipimajoto kilisoma nyuzi nne, na vichupa vya chanjo vilikuwa vimepangwa mahali pake. Rosaline alikuwa akikoroga kitu kwenye sufuria, amempa mgongo. Alionekana mtu aliyelala. Akafungua na friza. Muhuri mwekundu ulikuwepo, ingawa umekaa upande kidogo, na pembe moja imekunjamana, kana kwamba umewahi kukaribia mvuke wa birika. Zachary aliuona. Hakuuliza, kwa sababu katika utumishi ukiuliza unafungua faili.

Alikaa kitako, akatafakari, ukweli ukamjia. Waraka ulikuwa umetolewa Jumatatu. Friji ilianza kufanya kazi wiki hiyo hiyo. Akamuuliza Rosaline kama waraka ulifika.

"Ulifika," Rosaline akasema. "Niliuweka juu ya friji."

Basi. Zachary akaandika kwamba Friji Nambari Kumi na Nne ilikuwa imejirekebisha kwa hiari baada ya kuwekewa waraka, na kwamba hili ni la kwanza katika ukanda wetu.

Jumamosi watu walikuja tangu saa moja. Walileta kuku makwapani, kwenye vikapu, kwenye magunia yenye matundu, na bwana mmoja alikuja na kuku kumi na saba kwa bodaboda, wananing'inia kama mafungu ya ndizi. Rosaline alimshika kila kuku, akamgeuza kichwa, akamdondoshea tone moja jichoni, akamwachilia. Zachary aliketi mezani na rejista, kwa sababu kuhesabu alikupenda kuliko kitu chochote. Jua lilipokuwa linashuka hesabu ilitimia: mia sita na kumi na mmoja, hakukosekana hata mmoja, hata kuku wa mwalimu mstaafu asiyependa kushikwa. Rosaline akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akalia kidogo kwa furaha, akajifuta na leso. Zachary akamwambia asiishukuru Mamlaka sana, ni wajibu wake.

Jioni hiyo hiyo akaandika cheti: kwamba kuku wote mia sita na kumi na mmoja wa Myanga, bila kubakisha hata mmoja, wamechanjwa kwa dawa iliyohifadhiwa na friji isiyowahi kuharibika. Sahihi, stempu. Rosaline akaomba nakala yake. Zachary akampa mbili.

Jumatano ikafika. Hema lilisimamishwa, viti vikavalishwa vitambaa vyeupe, wageni wa Nairobi wakashuka kwenye magari, waandishi wakafunga kamera zao kwenye miguu mitatu. Mzee Gathii alikuja kutoka Kitale na suti ya kijivu. Ukoo wake ulihamia Trans-Nzoia kabla hajazaliwa, na kama kuna jambo la watu wa Bungoma alilolishika barabara, ni hili: mgeni asipochinjiwa kuku, hajafika. Mpe mbuzi, mpe samaki, mpe soda baridi za rangi zote. Akirudi kwao atasema hakupokelewa. Tangu asubuhi mzee huyo hakuwa ametia kitu mdomoni zaidi ya maji. Kuku wa Myanga alikuwa amewekewa nafasi.

Hotuba zilikuwa nzuri na zilikuwa ndefu. Zachary alikisoma cheti kile mara mbili, ya pili kwa ajili ya kamera, na kila alipofika kwenye "bila kubakisha hata mmoja" alipaza sauti. Watu wakapiga makofi. Kisha chakula kikatengwa. Mzee Gathii akafunua bakuli la kwanza, ugali. La pili, mrenda, umeiva vizuri, unavutika. La tatu, sukuma. La nne lilikuwa mrenda tena. Akarudi kulifunua la kwanza.

"Kuku wako wapi?" akauliza.

Rosaline alikuja akijifuta mikono, akamwamkia mzee kwa heshima zote. Kuku wapo, akasema, hao wanatembea hapo nyuma ya hema. Lakini wamechanjwa Jumamosi. Akatoa ile karatasi ndogo inayokuja ndani ya kasha la chanjo, akamwonyesha mstari: kuku aliyechanjwa haliwi mpaka siku ishirini na moja zipite. Mzee Gathii akasema basi aletewe ambaye hakuchanjwa.

"Hakuna, mzee. Si umesikia bwana Wabwile? Amesoma mara mbili."

Mgeni mmoja wa Nairobi akashauri mtu akanunue kuku sokoni. Akaambiwa soko la kuku limefungwa hadi mwisho wa mwezi, kwa waraka wa Mamlaka, ili kuku wa nje wasije wakachafua takwimu. Waraka huo pia ulikuwa na sahihi ya Zachary. Mzee Gathii akasimama polepole, akamshika Zachary kiwiko, wakaenda nyuma ya hema.

Huko Zachary aliulizwa kama anatarajia kuthibitishwa kwa mrenda. Lakini mtu hakaimu miaka minne bila kuota akili, na akili hiyo sasa ikamfaa. Alimweleza mzee hatua kwa hatua. Ikiwa friji ilikuwa imeharibika, dawa ilipata joto. Dawa iliyopata joto ni maji. Kuku aliyetiwa maji jichoni hajachanjwa, amenawishwa uso. Na kuku aliyenawishwa uso anaweza kuliwa leo.

"Basi iharibike," Mzee Gathii akasema. "Sasa hivi."

Zachary akamkumbusha Kifungu cha Saba. Mzee akateua Kamati ya Uharibifu papo hapo: yeye mwenyekiti, Zachary katibu, na Kipkemboi mjumbe, kwa kuwa alikuwa akipita na chupa ya maji. Kamati ilikutana kwa dakika nne. Iliridhika kwa kauli moja kwamba Friji Nambari Kumi na Nne iliharibika, kwa sababu ya feni. Sasa pakahitajika maandishi, na hakuna aliyekuwa na karatasi. Rosaline, aliyekuwa amesimama hatua tatu kutoka hapo, akasema yeye anayo. Akafungua fundo la leso, akatoa nakala yake ya ile barua ya mistari minne, imekunjika na kulainika.

Zachary hakuisoma, aliijua. Akaandika chini yake: nimekubali kwamba feni ilikufa tarehe kumi na nane Mei, na mtunzaji ameruhusiwa kuondoa muhuri na kubadilisha feni kuanzia siku hiyo. Akatia sahihi. Mzee Gathii akatia yake, kubwa, kwa njaa. Kipkemboi akaleta stempu kutoka kwenye gari, akaigonga mwenyewe. Rosaline akaipokea, akasoma kila neno kwa utaratibu, kisha akaikunja.

"Haya, mama," Mzee Gathii akasema. "Chinja sasa."

"Nichinje nini, mzee?" Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. "Hii inasema feni ilikufa, na mimi nimeruhusiwa kuibadilisha. Basi niliibadilisha, tarehe thelathini na moja. Kipkemboi aliniletea kutoka kwa Uday, tukafungua skrubu nne. Kabla ya hapo dawa ilikuwa kwa chupa yangu ya chai. Haikupata joto hata siku moja. Kuku wamechanjwa, na wamechanjwa sawasawa."

Mwenyekiti akamtazama katibu, katibu akamtazama mjumbe, na mjumbe akasema ni kweli, mshale aliuangalia mwenyewe.

Rosaline alirudi mbele ya hema. Mwandishi mmoja alikuwa amemuuliza kuna nini huko nyuma, na yeye hakuwa mtu wa kuficha. Akaweka karatasi mbili mezani, kati ya ugali na mrenda: cheti cha Jumamosi kinachosema friji haijawahi kuharibika, na barua ya leo inayosema iliharibika wiki tatu zilizopita. Sahihi moja, stempu moja, na wino wa ile ya pili ulikuwa bado haujakauka. Kamera zikasogea. Kuna waliopiga picha mrenda pia.

Wageni walikula walichowekewa. Mrenda ni mboga ya watu waliozoea. Asiyezoea unamfuata kutoka bakulini mpaka kwenye tai, na suti ya kijivu haifichi kitu. Hakuna aliyezungumza juu ya kumthibitisha mtu.

Lakini watu wa Myanga hawana roho mbaya, na mgeni hatoki kwao mikono mitupu. Mzee Gathii alipokuwa akiingia kwenye gari, Rosaline alimletea kuku hai, tetea mwekundu, mnene, miguu imefungwa kwa kitambaa, na kwenye kitambaa pameandikwa kwa kalamu: asiliwe kabla ya tarehe ishirini na saba. Mbele ya kamera zile zote mzee hakuwa na namna ya kukataa. Alimpokea kwa mikono miwili, akashukuru, akatabasamu, kisha akamgeukia Zachary, akamwekea kuku kifuani.

"Utamtunza wewe," akasema kwa sauti ya chini. "Tarehe ishirini na saba utaniletea akiwa mzima. Akiwa mzima, tutaongea."

Basi Zachary akaenda na kuku hadi Bungoma, amempakata. Usiku wa kwanza alimweka bafuni. Siku ya pili alimpeleka ofisini ndani ya kasha la karatasi za kuchapia, akamwekea mchele, mkate, na nusu ya chapati, akamfungulia dirisha atazame treni. Kuku hakula. Siku ya tatu alikaa kwenye kona amevimbisha manyoya, macho nusu, na Zachary, mtu aliyezichunga friji themanini kwa miaka minne bila moja kuharibika, akashindwa kabisa kujua kama kiumbe hicho kinaumwa au kinapumzika. Alipiga simu Myanga na sauti yake haikuwa na cheo. Alisema mama, tafadhali, nisaidie. Rosaline akamuuliza kama shingo imepinda. Haijapinda. Basi amlete Jumatatu, yeye huwa anawaangalia kuku wa watu Jumatatu, lakini awahi, maana foleni huanza saa moja.

Jumatatu saa moja na nusu, watu tisa walikuwa wamemtangulia kwenye mlango wa jikoni wa Rosaline. Zachary alijaribu kumweleza mama aliyekuwa mbele yake, mwenye vifaranga kwenye karai, kwamba yeye ni Kaimu Mkurugenzi wa Mamlaka ya Ubaridi Majumbani na amekuja na kuku wa Mwenyekiti wa Bodi. Mama yule akamtazama kuku, hakumtazama yeye, akamwambia huyo ameshikwa vibaya, anabanwa kifua, ndio maana hali. Akamwonyesha mkono unakaa wapi. Kutoka ndani ulisikika mvumo wa friji, na sauti ya Rosaline ikimwita anayefuata.

Zachary akamshika kuku kama alivyoonyeshwa, akasogea hatua moja.